Ilamba, Neno Ulilobaki Nalo

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Najua Mnyaturu hata akifa anadai shikamoo yake, na sitaki uanze kunung'unika huko chini kwamba mke wa mwanao hana adabu.

Tulikuzika vizuri. Ilongero yote ilikuja. Alizeti tumeshavuna, na watu bado wanakusifu. Mimi nakaa kimya, maana nikifungua mdomo hapa wanasubiri kucheka. Wewe ndiye uliyewazoesha.

Unakumbuka siku niliyoletwa? Wanawake waliniuliza kwetu ni wapi, nikajibu Ilamba. Wee! Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini. "Iramba imemshinda kutamka, na ndiko alikozaliwa!" Basi, jina langu likafia hapo. Sikuwa Rehema tena, na hata nilipomzaa Elia sikuwa Mama Elia kama wanawake wengine wenye watoto. Nilikuwa Ilamba. Ilamba, lete kuni. Wageni wakija unaniita mbele yao: sema karanga, sema radi, sema barabara. Nami, mjinga, nasema. Kalanga. Ladi. Balabala.

Mama, kwetu ni Ilamba. Bibi yangu alisema Ilamba, na bibi yake pia. Aliyeandika kibao cha barabarani kwa r ndiye aliyekosea. Na wewe je? Umeishi Ilongero maisha yako yote ukiita Irongero, mjukuu wako Elia ukamwita Eria, na hakuna aliyethubutu hata kutabasamu. Lakini ukifika kwangu, hiyo l uliitamka safi kabisa.

Ndipo kiharusi kikakupiga. Mkono ukafa, mdomo ukaenda upande, maneno yote yakakukimbia likabaki hilo moja. Ukitaka maji, Ilamba. Ukitaka kujisaidia, Ilamba. Mchungaji alipomaliza kukuombea, badala ya amina ukasema Ilamba. Nilicheka siku ile, Mama. Nilitoka nje nikacheka nimeshika ukuta.

Binti zako walikuja, wakakutazama, wakarudi mjini. Aliyekuwa anakugeuza kitandani ni mimi. Asubuhi moja nilishika kikombe cha uji mbali kidogo na mdomo wako, nikakwambia: sema Iramba, Mama, kwa r. Ulijikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Ilamba." Machozi yakakutoka, nikakunywesha. Usidhani nilikuhurumia, uji ulikuwa unapoa.

Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, uniite Mama Elia. Hata mara moja, hata kwa mdomo uliopinda. Nilijua huwezi, na bado kila nikikufuta mate nilitega sikio. Ukakata roho ukisema lile lile. Msibani wanawake wakalia, eti amekufa akimwita mkwe wake, mapenzi gani haya! Nikawaacha walie.

Sasa sikiliza, hili ndilo limenifanya nikuandikie. Elia ameanza kusema. Miezi yote ile nikiwa shambani, yeye alikuwa anatambaa kwenye mkeka pembeni yako, wewe unaita, yeye anasikiliza. Jumapili alianguka nje ya kanisa. Akalia, akaninyooshea mikono mbele ya watu wote. Hakusema mama. Alisema Ilamba. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, Mama, ananiita Ilamba! Walicheka hata wazee wa kanisa. Nikaitika. Ningefanyaje, goti lilikuwa linatoka damu.

Umenishinda hata ukiwa kaburini. Hongera.

Kwaheri, Mama. Rara sarama, kama ulivyokuwa unatuaga usiku. Nakuahidi nitamfundisha aseme mama, nitamfundisha kila siku mpaka alitoe neno hilo. Na akikua akaniuliza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, nitamweleza yote bila kuficha, na nitayasema kwa ulimi wangu huu huu.