Wameniita Neti, Nimeitika

Jumamosi, nyumbani Dunda. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haishuki. Nami nimenuna vivyo hivyo, tangu juzi.

Juzi mwalimu wa uhasibu alituuliza darasani, kwa Kiingereza chake cha puani, "neti pei" ni nini. Nikanyoosha mkono bila wasiwasi. Nikasema ni hela anayokatwa mfanyakazi kulipia chandarua.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia nikifeli jaribio la Jumatatu nihamie upishi.

Upishi sina ugomvi nao. Nina ugomvi na kuhamishwa.

Tangu hapo chuoni jina langu ni Neti.

Niseme ukweli, niliumia. Nilirudi nyumbani nikalia, nikakichukia kitabu changu cha mishahara, kinene, Kiingereza kitupu, nilichonunua mtumba kwa hela ya maandazi. Lakini jibu langu sikuliokota hewani. Marehemu baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na kila mwisho wa mwezi alirudi akisema, "Wamekata ya neti." Nimekua nikiisikia kauli hiyo. Kama baba zao hawakukatwa neti, hongera zao.

Leo nimekaa barazani na kitabu hichohicho, kamusi pembeni, tukakabana koo mpaka adhuhuri. Kumbe unatoa kwanza mchango wa pensheni, ndipo unapiga kodi kwenye kinachosalia. Mimi nilikuwa naanza na kodi, ndiyo maana majibu yalikuwa yanagoma. Halafu unatoa makato mengine. Kinachobaki, kile anachokwenda nacho mtu nyumbani kwake, hicho ndicho neti yao.

Zoezi la mwisho limekubali. Nimepiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Mama alikuwa anachagua mchele, akashtuka. "Kuna harusi?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia na hili, kwamba mfanyakazi ana haki ya kujua kila anachokatwa ni cha nini. Akapepeta ungo wake kidogo.

"Mwanangu, ile neti waliyokuwa wanamkata baba yako, mbona haikuletwa?"

Nimejaribu kukumbuka chandarua katika chumba chetu cha utotoni, hakimo. Naikumbuka khanga ya mama tuliyojifunika mpaka kichwani, na mbu wakiimba juu yake.

Hasira niliyonayo sasa si ya kuchekwa tena.

Sihami. Jumatatu naingia kwenye jaribio hilo, na anayetaka kuniita Neti aniite kwa sauti, nitaitika. Jina ni langu, tumelilipia.

Na siku nitakayokaa mimi kwenye kiti cha kuandaa mishahara, hakuna baba wa mtu atakayekatwa neti ambayo wanawe hawajailalia.