Nimemwalika Dansi kwa Mlinganyo, Jibu Lake Limetoka Figo

Mpendwa Shangazi Ernestine,

Pole na kazi, na unisamehe kwa kukuletea jambo ambalo mama anasema ni upuuzi mtupu lakini mimi limeninyima hamu ya kula hata piza. Nina miaka kumi na sita, nasoma hapa Maryland kwenye shule ya serikali yenye mpango maalumu wa hesabu, sayansi na teknolojia, ule unaovuta watoto kwa mtihani kutoka kaunti nzima, ndiyo maana wenzetu wa madarasa ya kawaida ya ghorofa ya chini wanatuita Sumaku, na wakitaka kututania zaidi wanatubandika vijiko mgongoni waone kama vitaganda. Mimi ndiye nahodha wa timu ya hesabu. Naomba hilo ulikumbuke, maana ndilo linaloniua.

Darasani kwetu kuna msichana anaitwa Priscilla Yoon, nampenda, basi nimesema. Dansi kubwa ya shule ni Jumamosi, na kwetu humwaliki mtu kwa kumwambia tu, lazima uje na bango na mbwembwe mbele za watu, sasa mimi nikaona bango ni kazi ya ghorofa ya chini, nikachukua chaki nikaandika mlinganyo kwenye lami pale mabasi yanapoegeshwa, mlinganyo ambao ukiuchorea grafu yanatokea maneno "Twende dansi?", na Priscilla akaja, akausoma, hakucheka, akanipokonya chaki, akapiga magoti akaandika mlinganyo wake chini ya wangu, akapanda basi akaenda zake. Watu wakapiga picha, wakapiga makofi, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa kitu. Kabla ya jioni mvua ikanyesha ikafuta kila kitu.

Nikauchorea grafu mlinganyo wake wa kwenye picha, ikatoka figo. Wenzangu wanabishana mpaka leo, kwa sababu kuna kistari kimoja ambacho wengine wanasema ni alama ya kutoa na wengine wanasema ni ufa wa lami, na kikiwa alama ya kutoa unapata moyo, kikiwa ufa unapata figo. Rafiki yangu Bohdan, anayetaka kuwa daktari, hana huruma kabisa. "Kaka, hilo ni figo, tena la kushoto. Na kazi ya figo ni kuchuja uchafu na kuutoa nje. Sasa ulitaka uambiweje?" Mwalimu wetu Bwana Fenwick, ambaye hajui chochote kuhusu haya, akauona kwa wanafunzi akaupenda, akauweka ubaoni uwe zoezi la nyongeza, na Priscilla akaomba ruhusa kwenda msalani, hakurudi mpaka kengele ikalia. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba asubuhi kwenye basi begi lake huwa kwenye kiti cha pembeni yake, nikipanda tu analiondoa, sijui kwa nini, mimi napita nakwenda kukaa nyuma nisije nikamsumbua.

Sasa Jumatatu Trey Holloway wa ghorofa ya chini, mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, kaja kwenye bwalo la chakula na kipande cha boksi kilichoandikwa "Dansi?" pamoja na donati, na Priscilla amemwambia atampa jibu Ijumaa mchana. Nikienda kumuuliza alimaanisha nini nitakuwa nimekiri mbele ya shule nzima kwamba nahodha ameshindwa hesabu, na nisipomuuliza atakwenda na Trey. Shangazi, humfahamu mtu yeyote wa chuo kikuu anayeweza kusoma picha ya lami?

Nahodha Aliyekwama

Nahodha,

Simfahamu, na hata ningemfahamu nisingekupa namba yake.

Pole, mwanangu. Kupenda kunauma, na kupenda huku shule nzima inakutazama kunauma mara mbili, sikucheki kwa hilo. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Hebu soma ulichoniandikia kwa mkono wako. Msichana ameweka begi kwenye kiti. Unapanda basi, analiondoa. Na wewe unapita! Unashikiwa nafasi mbele ya basi zima, halafu unakwenda nyuma kukodolea picha ya lami ukitafuta mtu huyo huyo anataka kusema nini. Hizo akili walizokupimia kwenye mtihani zilikuwa za kazi gani? Mwalimu anaweka maneno ya msichana huyo ubaoni, darasa linabishana moyo au figo, naye anatoka nje. Asiyejali angekaa acheke na wenzake.

Tena nikuulize, katika Sumaku nyinyi nyote, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba Priscilla alikosea? Kwamba alikusudia moyo, akaruka alama? Mko tayari kuamini kwamba msichana kapiga magoti kwenye lami kukuchorea figo, lakini hamko tayari kuamini kwamba mmoja wenu anaweza kukosea hesabu. Sisi wengine tunakosea kila siku, na bado tunaolewa.

Lakini kosa lako kubwa hulioni. Wewe unahesabu kwamba ulimuuliza na unasubiri jibu. Yeye alishajibu, hadharani, chaki mkononi, na tangu siku hiyo hujamwambia hata neno moja. Kwake yeye, aliyekataa ni wewe. Na Trey usimdharau. Kaandika neno moja, limesomeka.

Kwa hiyo acha kufa na tai shingoni. Kuuliza si ujinga, na unahodha hautavuliwa kwa sababu hiyo, na ukivuliwa basi, timu ya hesabu haitakushika mkono Jumamosi. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Kesho asubuhi panda basi, ukae kwenye kile kiti, na kabla basi halijaondoka sema hivi: "Priscilla, sikuelewa ulichoandika, na niliona aibu kukuuliza. Utakwenda dansi na mimi?" Usiongeze kitu. Usitoe karatasi, usitoe simu, usimwonyeshe picha. Akisema anakwenda na Trey, mtakie heri, shuka shuleni, lia msalani kama una haja ya kulia, kisha uende darasani. Utapona, watu hupona.

Ukishauliza, nyamaza usubiri. Hapo katika kusubiri ndipo panapotisha kuliko pote, na hapo, mwanangu, si mimi wala profesa yeyote atakayekaa badala yako.

Shangazi Ernestine