Sayari ya Mbari

Jumanne, 4 Machi. Kiganjo
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimerudi kuandika. Ukurasa mmoja tu. Jirani alipita akauliza kama bado naandika hadithi za mashetani. Hajasoma hata moja. Nimetoa vitabu viwili, vya vyombo vya anga na mazimwi, na mji huu wote hakuna aliyefika ukurasa wa pili. Washamba. Mchapishaji wa Nairobi amesema wazi: cha tatu kisipouzika, tuagane. Kinafika wiki hii. Sayari ya Mbali. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi. Sitaki kuagana.

Alhamisi, 6 Machi
Maboksi yamefika. Nimefungua la kwanza nikakaa chini. Jalada: SAYARI YA MBARI. Mbari! Kwetu mbari ni ukoo, na ukoo ni mashamba na kesi. Mhariri mjinga. Nilibadilisha jina dakika za mwisho, nikamtumia kwa ujumbe wa sauti. Maneno matatu, na yamemshinda. Shule alienda kufanya nini? Nimekula ugali baridi kwa hasira.

Jumamosi, 15 Machi
Uzinduzi, ukumbini Ruring'u. Nilitarajia viti vitupu. Wakajaa wazee wa makoti, wengine wametoka Murang'a. Wamenunua vitabu vyote. Vyote! Hakuna aliyeuliza habari za nyota. Mmoja, Mzee Gathogo, akashika maikrofoni: "Mbari yetu umeiweka page gani? Na ile shamba iko karibu na mto, umeandika ni ya nani?"
Nikasema ni hadithi ya kubuni.
"Ati kubuni? Hata kortini walituambia hivyo."
Wakapiga makofi. Kondoo. Nawadharau wote, na wao ndio wameniokoa.

Jumatano, 19 Machi
Mhariri amepiga simu, sauti ya asali. Wanataka kitabu cha pili cha Mbari, haraka. Nikamwambia kwanza asahihishe jalada, kisha aombe radhi. Hakubishana. Alinirudishia ujumbe wangu wa sauti.
Nimeusikiliza jikoni. Mbari. Wazi kama kengele ya kanisa. Mhariri aliandika alichosikia. Masikio yamenichoma kwa aibu. Mwalimu wa darasa la nne alinichapa kwa ajili ya hiyo hiyo l inayonitoka r. Nilidhani nimepona.

Jumapili, 23 Machi
Mvua. Mzee Gathogo amekuja na kitabu chake, kimejaa alama za kalamu. Amekisoma chote. Shamba lake hakuliona. Nilingoja matusi, hayakuja. Alitaka kujua jambo moja: "Hao watu wako wa huko juu ni wa mbari gani? Mtu akikufa, nani anamzika?"
Nikasema sijui. Kitabu kizima, na sijui. Akamaliza chai akaenda.
Jioni, nikikamua, nilimwambia ng'ombe: mbali. Ikatoka mbari. Nikajaribu tena polepole. Mbari. Aliendelea kula.
Jalada libaki hivyo. Kesho naanza cha pili. Kitafunguka kwa mazishi.