Maksi Nilizojipa Bi. Zuhura Alipokwenda Mwera

Jumatatu, 4 Machi 1957

Kibanda nimefungua saa mbili. Baiskeli tatu, zote rimu zinacheza. Hakuna mume mtaa mzima wa Ngamiani aliyetulia kama mimi. Miaka thelathini na minane ya ndoa, mke wangu hajapata kunikunjia uso hata siku moja.

Haya, uwongo. Bi. Zuhura kaondoka tangu Alhamisi. Yuko Mwera kwa dada yake, na uso kaondoka nao umekunjwa.

Kisa chenyewe: tulikuwa twende harusi ya mpwa wake. Stendi tumefika mapema, kakaa juu ya mzigo. Nikasema naenda kununua tambuu, narudi sasa hivi. Njiani nikapita barazani kwa Kombo, bao limepamba moto. Mchezo mmoja tu, nikasema. Ikawa mitatu. Basi likaondoka. Hakupanda bila mimi. Alirudi nyumbani kajitwika mzigo mwenyewe. Kesho yake akaenda peke yake.

Naandika kwa herufi za skuli. Nilisoma miaka mitatu, nikatoroka. Bi. Zuhura kasoma chuoni, herufi za Kiarabu anazisoma mbio kama mvua, hizi hazijui. Kwa hiyo humu nasema nitakalo. Anakoroma.

Jumatano, 6 Machi

Dereva wa basi kaleta salamu za Bi. Zuhura. Maneno machache: "Nitarudi akilijua kosa lake. Si la basi."

Si la basi! Sasa lipi? Ninayo mengi, achague.

Ramadhani haiko mbali. Sijapata kufuturu bila yeye tangu nimuoe. Naogopa. Basi, nimeshasema. Siku ya tatu leo nakula mhogo wa kuchemsha.

Jumamosi, 9 Machi

Amina binti yetu, mwalimu wa wasichana, kaniletea samaki. Nikamweleza mambo. Kacheka mpaka kakaa chini.

Ati kwenye mafunzo yao ya ualimu walifundishwa hivi: chora duara, ligawe mafungu, kila fungu jambo moja la maisha yako. Kila jambo ujipe maksi, mwisho kumi. Utaona umezidi wapi na umepungua wapi. Nikamwambia mwanangu, hilo ni gurudumu, na mimi nanyoosha magurudumu tangu hujazaliwa.

Nikachora. Ibada, nane. Kazi, tisa. Majirani, kumi. Afya, saba, kwa ajili ya goti hili la kulia. Mke, tisa.

Amina kaliangalia.

"Baba, hii tisa kakupa nani?"

"Nimejipa."

"Na mama angekupa ngapi?"

Nikamwambia samaki wake wana chumvi nyingi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelala na swali la Amina kama nimelalia kokoto.

Leo nimenyoosha rimu ya karani mmoja, ndipo nikapata akili. Fundi haliulizi gurudumu lenyewe kama limepinda. Anashika chaki karibu na rimu, anazungusha. Palipoguswa na chaki, ndipo palipokwenda upande. Mimi nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe, nikajisifu.

Basi nimeanza kazi ya kweli. Nyuma ya mlango wa kibanda naandika kwa chaki, kila wakati wa sala, niko wapi na nafanya nini. Siku saba. Kudanganya hakuna.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeusoma mlango. Alfajiri, nyumbani. Adhuhuri, kibandani. Alasiri, kwa Kombo. Magharibi, kwa Kombo. Isha, kwa Kombo. Siku saba namna moja. Nasali, ndiyo, kisha mbio barazani kama nadaiwa kete. Hata chaki imeona haya.

Haya, kosa ni bao. Nimetuma salamu Mwera: nimelijua, nimeacha. (Nimeacha tangu adhuhuri.)

Jumatano, 20 Machi

Jibu limekuja. "Si bao. Mwambie aendelee kucheza."

Nimekasirika sana. Nimeandika neno baya hapa, nimelifuta. Mwanamke gani huyu? Anajua kosa, hasemi, ananiacha natapatapa kama kuku kaona kisu. Shaaban inakatika. Watu wanapanga vunja jungu lao, karamu ya kabla ya mfungo, nani aje na wali, nani na kuku. Mimi naulizwa, Bi. Zuhura atapika nini mwaka huu? Nasema biriani. Niseme nini tena?

Nimeunguza mhogo.

Ijumaa, 22 Machi

Alasiri nimebaki nyumbani. Si kwa wema, kwa hasira. Nimekaa uani juu ya kigoda chake. Mrehani wake kwenye debe umekauka. Huo wa nne. Miaka mingapi namtania kuwa ana mkono wa moto, chochote apandacho kinakufa!

Bi. Tatu, jirani yetu, kaingia kurudisha chekeche. Kaniona, kashtuka.

"Shemeji, alasiri uko nyumbani? Unaumwa?"

Nikafanya mzaha wangu wa mkono wa moto. Hakucheka.

"Huo mrehani umeuliwa na kahawa yako," kasema.

Kahawa gani? Ndipo kanieleza. Kila alasiri Bi. Zuhura anatenga vikombe viwili hapo uani. Anangoja. Changu kikipoa anakimwaga kwenye debe, ndipo anakunywa chake. Miaka yote hiyo. Hakuniambia. Na mimi narudi baada ya isha, nakula, namsimulia niliyemfunga kwenye bao na nilivyomfunga, yeye anasema ehee, ehee.

Sina mzaha leo.

Mwanagenzi akiona rimu imekwenda upande, anakaza spoku zilizolegea. Anakaza, anakaza, mpaka inakatika moja. Dawa yake ni kulegeza kwanza ile inayovuta upande wa pili, kama baraza inavyonivuta mimi. Nawafundisha watu hivyo kila siku. Na wananilipa!

Jumapili, 24 Machi

Sikutuma salamu. Nimefunga kibanda, nimepanda basi hadi Pangani, nimevuka mto kwa pantoni, Mwera nimefika alasiri. Kikapuni nimebeba birika letu na vikombe viwili. Goti linalia.

Shemeji, dada wa Bi. Zuhura, kaniangalia kama mwizi wa kuku. Nikamwomba makaa. Nikapika kahawa mwenyewe, nikatenga vikombe viwili upenuni, nikakaa kungoja. Bi. Zuhura yumo ndani, namsikia anakohoa kikohozi cha kusudi. Hakutoka. Ikapoa. Nikakimwaga chake, nikapika tena. Ikapoa. Kungoja kubaya, jamani. Mtu unatazama mlango mpaka unaijua misumari yake.

Ya tatu, akatoka. Kakaa. Kaonja.

"Mume wangu, hii ni kahawa au lami?"

Kainywa yote. Nikamwomba radhi, kama tuombanavyo Ramadhani ikikaribia, ila mara hii nikijua naomba radhi ya nini. Nikalitaja kosa: kumwacha akingoja. Kauliza nani kaniambia.

"Mrehani," nikasema.

Kageuza uso. Nadhani alicheka. Pengine hakucheka.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumerudi juzi. Nimemletea mche mpya wa mrehani, uko kwenye debe, haujafa. Alasiri tumekunywa kahawa uani, tumejibanza upenuni. Changu nimemaliza mpaka mashapo. Barazani naenda baada ya isha, saa moja tu. Kombo ananicheka. Acheke.

Nimemwonyesha lile duara, nikamsomea. Tisa yangu kaifanya nne. Tumebishana, kaongeza moja. Kauliza daftari hili lina nini, nikasema hesabu za spoku. Hakuamini.

Basi kuanzia hapa nahamia herufi za chuoni, nami nilifundishwa utotoni, naandika kutoka kulia ili asome mwenyewe. Daftari naliacha wazi kando ya birika.

Bi. Zuhura, pale pantoni ulisema nikikubebea kikapu cha nazi mpaka nyumbani utanikuna mgongo, hapo katikati mkono wangu usipofika. Nazi zimefika zote. Mgongo unangoja.