Beseni la Baba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Baba amerudi kutoka zahanati moja huko Bondeni, akala chakula chake amesimama. Bawasiri! Miaka yote hiyo nyuma ya usukani wa trela, kubeba makontena ya watu kutoka Shimanzi, bandarini Mombasa, hadi Malaba mpakani — na shukrani ndiyo hii. Daktari kasema akalie maji vuguvugu ndani ya beseni, asubuhi, jioni na kila atokapo chooni. Ale mboga. Asiendeshe gari wiki hii. Tiba nyepesi mno! Lakini nauliza: dereva aliyenaswa kwenye foleni ya malori, pasipo hata choo, alikalie wapi beseni lake? Barabarani?

Jumanne, 9 Septemba

Amekataa! Mama kachemsha maji, kayapoza, kayajaribu kwa kiwiko. Baba: beseni hukaliwa na mwanamke aliyejifungua, kwani mimi nimezaa? Jirani yetu Loise akadakia dirishani: hongera, Baba Mbodze, wa kike au wa kiume? Nikasema maumivu hayana jinsia. Baba akaniambia hotuba nipeleke chuoni.

Jumatano, 10 Septemba

Maumivu yameshinda kiburi. Jana usiku amekalia maji, kalala bila kuguna. Nikamweleza nia yangu: Jumamosi madereva wanakutana na chama chetu cha wanafunzi, nitasimama niwasemee wote, nianze na yeye. Akaruka! "Mbodze, makalio yangu si bendera ya chama chenu!" Mama kaficha uso kwa leso. Mimi sikucheka. Aibu hii ndiyo inayomlinda mwajiri: nani atadai haki ya ugonjwa asiothubutu kuutaja?

Ijumaa, 12 Septemba

Morgan, msimamizi wao, kapiga simu: mzigo tayari, trela iondoke leo. Baba akamtajia agizo la daktari. Kicheko kikasikika hadi jikoni: "Mzee Karisa, kwani gia waingiza kwa makalio?" Asipofika jioni, gari apewe mwingine. Ufedhuli ulioje! Baba kachukua taulo, kaniachia simu: akipiga, mwambie naja.

Naja!

Morgan amepiga: mzee yuko wapi? Nilikuwa na hotuba nzima kinywani. Kabla sijaianza — Baba, nyuma ya mlango wa bafu, kwa sauti ambayo hata Loise kaisikia: "Mama Mbodze! Maji yamepoa. Ongeza ya moto!"

Kisha Morgan: maji gani hayo?

Nimemwambia ya beseni la daktari, angoje. Bado yuko kwenye simu. Mama anapita na sufuria —