Kila Nikimpelekea Zawadi, Ananikatia Bima Tena

Dada Imelda, shikamoo. Nakuandikia kutoka Guangzhou, huku Uchina, safu yako tunaisoma kwenye mtandao, na leo naomba unishike mkono maana nimekwama kwenye jambo ambalo mume wangu analiita la kitoto lakini mimi linaninyima raha kabisa.

Mume wangu Thomas yuko hapa kwa ufadhili wa masomo, anasomea uhandisi, na mimi nawanunulia wateja wa nyumbani suruali za jinzi kwenye viwanda vya Xintang, nazileta mjini kwa wasafirishaji, na kwa kazi hiyo tulinunua kigari cha mizigo mwaka 2006, bima tukakatiwa na wakala mmoja wa makamo tunayemwita Mama Liang. Dada, huyu mama Mungu ambariki! Nilipojifungua binti yetu Sia, hapa sina mama, sina shangazi, sina jirani, ndiye aliyekuja hospitali na chungu cha supu ya kwato za nguruwe, tangawizi na siki, akanilisha kwa mkono wake, mpaka Thomas, ambaye ni Mchaga, akasema huu sasa ni mtori wa mzazi, ila wa Kichina. Na siku lori lilipotugonga kwa nyuma tukitoka Xintang, Mama Liang alifika kabla ya polisi, akamweka Sia mgongoni, akagombana na watu wa kampuni yake mwenyewe mpaka gari letu likatengenezwa. Namshukuru hadi sijui nimshukuru vipi.

Sasa tatizo. Kila mwaka bima ikikaribia kuisha Mama Liang haniulizi, anaihuisha mwenyewe, tena ile kubwa ya kila kitu, anatanguliza hela yake, halafu anakuja kubandika stika kwenye kioo huku anacheka, mimi nabaki kumrudishia. Mwaka juzi nikaona gari limezeeka, bima ndogo inatosha, nikaamua kwenda kumwambia. Kwetu Bukoba huwezi kumwendea mtu aliyekutendea wema na neno la kukataa huku mikono mitupu, kwa hiyo nikambebea kahawa ya kutafuna niliyotumiwa na mama, nikijua tutakaa, tutatafuna, na neno langu nitalitoa taratibu. Wee! Aliipokea kwa mikono miwili, akatafuna punje moja, akakunja uso, akacheka, na kabla sijafungua mdomo akainua simu akapiga kampuni, kesho yake stika mpya. Mwaka jana nikasema labda kahawa ilikuwa kidogo, nikapeleka kitenge cha maana. Akaongeza na bima ya vioo!

Mwaka huu ndiyo balaa lenyewe. Gari limekufa injini tangu sikukuu yao ya mwaka mpya, limelala kwenye ghala nyuma ya Barabara ya Zhanqian, na Mkongo mmoja, Frédéric, amekubali kulinunua kwa ajili ya vipuri tu. Mama Liang nimemwambia liko kwa fundi. Na sisi wenyewe Thomas akimaliza mitihani tunarudi nyumbani mwezi wa saba moja kwa moja, hilo bado sijamwambia. Juzi kapiga simu, "Gaudiosa, usihangaike, bima ya gari la Sia naishughulikia mimi." Dada, mimi sokoni nasema "bu yao", yaani sitaki, toka asubuhi mpaka jioni na hakuna laoban, tajiri wa duka, anayenitisha, lakini kwa mama huyu ulimi unakuwa mzito. Thomas anasema tubadilishe laini ya simu, tuuze gari kimya kimya, na siku ikifika twende zetu Baiyun tupande ndege, eti wafanyabiashara wangapi wameondoka hivyo. Mimi nimeshaagiza senene wa kukaanga kutoka nyumbani nimpelekee. Je, watatosha, au niongeze nini ili akubali kuiacha hiyo bima bila kuona kwamba nimemtupa?

Gaudiosa, Guangzhou

*

Marahaba, Gaudiosa. Hao senene kuleni wewe na mumeo. Kwa Mama Liang usipeleke kitu!

Mimi kabla ya kukalia kiti hiki nilikwenda sana huko kununua viatu, na hili nilijifunza kwa aibu zangu. Ukimpa zawadi mtu wa kule anayejiheshimu, anaona sasa ni zamu yake kukutendea. Na huyo mama yako ana nini cha kukutendea zaidi ya bima? Wewe umekwenda kulainisha neno la kukataa, yeye amepokea asante kubwa, akakimbilia kuirudisha. Ungempelekea ng'ombe, angekukatia bima ya basi! Hakukosea yeye wala hukukosea heshima wewe, ila adabu ya Bukoba na adabu ya Guangzhou hazijatambulishana.

Hilo la fundi, hapana. Hapo umeniudhi. Mtu aliyekulisha kwa mkono wake unamdanganya kuhusu kigari kibovu? Na mweleze huyo mhandisi wako kwamba kumtoroka mama aliyembeba mwanawe mgongoni si ujanja wa biashara, ni utovu wa adabu, na huko kwao Kilimanjaro wangemwambia hivyo hivyo.

Sasa nikuambie ninachokiona. Habari ya stika, kahawa na vioo umeimwaga kwa kirefu. Habari ya kumwondoa Sia umeipitisha kwa mstari mmoja, mbio mbio. Mdogo wangu, huogopi bima. Unaogopa kumwambia mama huyu kwamba mtoto anaondoka. Kwake Sia ni mjukuu, na kwa kuwa kazi yake ni bima, bima ndiyo njia yake ya kumlinda. Pole sana, nakuelewa. Lakini mshukuru Mungu pia, maana wengi wanakaa ugenini miaka na miaka bila kupata hata mtu wa kumuaga.

Jumamosi hii nendeni wote watatu, mikono mitupu. Kabla hajachemsha chai mwambie, "Mama, mwezi wa saba tunarudi nyumbani." Halafu mwambie gari limekufa, ulimdanganya, akusamehe. Bima pengine ataisimamisha mwenyewe, na asipofanya hivyo mwambie wazi, "Mama, mwaka huu usikate," bila kahawa, bila kitenge. Thomas aseme asante kwa kinywa chake mwenyewe, kwa ile supu na kwa lile lori. Mwachieni namba za simu za bibi zake Sia, wa Bukoba na wa Moshi, na mpaka siku ya safari mtoto ashinde kwake kila mwisho wa wiki.

Atalia, jiandae. Usimbembeleze haraka, wala mkono wako usikimbilie kwenye mkoba kutafuta cha kumpa. Mpe Sia ampakate.

Dada Imelda