Walivyolibana Jina Lako

Na si kwamba ni stika tu, Japuonj, mwalimu wangu. Stika ningeivumilia. Kinachonichoma ni kwamba walilibana jina lako. Walilichapa kwa kompyuta, likawa refu kuliko ule ubao wa msalaba, na badala ya kupunguza ukubwa wakazikandamiza herufi kutoka ubavuni mpaka O zako zikawa kama mayai yaliyokaliwa. ZAKAYO amenenepa, ORWA amekonda, na ONDIGO amesukumwa ukingoni kama mtu aliyechelewa ibada. Wewe, uliyeandika misalaba ya watu kuanzia Mbita hadi Ndhiwa, umelala chini ya kazi ambayo ungeifuta kwa kitambaa kabla haijakauka.

Nimekuwa nikikusemesha hivi kichwani tangu Jumapili tulipotoka nyumbani kwako. Tobias amechoka kunisikia nikinung'unika juu ya sufuria. Jana akaniambia, "Jaber, mrembo wangu, mimi siwezi kukujibu haya. Mwandikie mwenyewe." Ndiyo nakuandikia.

Tobias ni mume wangu. Nimeolewa, Japuonj, wiki tano zilizopita, na hata nikiwa na hasira hivi najikuta nikitabasamu kwa kuandika neno hilo, mume. Ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Migori, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Anaamka kabla yangu, ananipashia maji ya kuoga, kisha anakuja kunitangazia kwamba yako tayari kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua maji. Jioni akirudi ana harufu ya chuma kilichoungua, na siku hizi nikiinusa harufu hiyo hata barabarani moyo unaruka. Kadi zetu za harusi niliziandika kwa mkono, zote, na yeye alikaa kando yangu akipuliza wino ukauke. Ningeweza kujaza kurasa na habari zake. Lakini nimeketi hapa kwa sababu ya hasira na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sijui niende wapi, na mama alinituma nikuombe umwandikie bango la saluni. Ulinipa mkebe wa rangi nishike. Niliushika miaka miwili. Miezi ya kwanza hukunifundisha herufi hata moja. Ulinifundisha kunyoosha kamba ya chaki na kuosha brashi mpaka maji yatoke meupe. Kisha siku moja kule ufukweni Mbita ulinisimamisha mbele ya mashua uliyokuwa umemaliza na ukaniuliza naona nini. Nikasoma jina. Ukasema, "Hapana. Umesoma. Sasa tazama. Herufi ni visiwa, wewe angalia maji yaliyo katikati."

Na ni wewe uliyenifukuza, tena kwa furaha. "Nenda Homa Bay ukajue kile kompyuta inajua. Halafu urudi uniambie kama kuna kitu inajua."

Basi nilienda chuoni. Nikusimulie, kwa sababu hukuwahi kuusikia mwisho wake. Muhula wa kwanza Madam, mwalimu wetu wa herufi, alikuwa akieleza nafasi kati ya herufi, na darasa zima limemkodolea macho. Mimi nilielewa hata kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa anazungumzia maji. Nilipanga neno langu, kisha nikaligeuza kichwa chini miguu juu, kama ulivyokuwa ukigeuza mbao zako ili jicho liache kusoma lianze kuona. Madam akapita nyuma yangu. "Lilian, kompyuta yako imeharibika?" Wenzangu wakacheka. Nikamweleza. Akaliinamia lile neno, akasema sogeza A kidogo, na A kweli ilihitaji kusogezwa. Mwaka uliofuata nilimsikia kwa masikio yangu akiwafundisha wa mwaka wa kwanza kugeuza kazi zao kichwa chini, vizuri kabisa, bila kumtaja mtu. Nilisimama mlangoni nimefura. Ningekuwa na rangi mkononi ningeliandika jina lako kwenye ukuta wa darasa lile.

Halafu ukafa. Ukafa katika juma langu la mitihani, Japuonj, na hilo sijakusamehe.

Nilifika siku ya mazishi yenyewe, nikakuta msalaba umeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, stika inang'aa juani. Mtu hasemi habari za herufi mbele ya mjane. Niliuliza tu nani aliyeutengenezesha, nikaambiwa ni ndugu yako, Mzee Elisha. Tangu siku hiyo nilimchukia. Mwaka mzima. Nilikuwa nikifikiria, mtu ameishi kando ya mikono ile maisha yake yote, akaona kazi ile kila siku, na bado akaenda kwa watu wa stika.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipa mradi wa mwisho. Tulitakiwa kubuni herufi kwa kazi halisi, ya mtu halisi. Nikasema nitachora herufi zako, na kazi yenyewe ni msalaba wako. Madam akasema zinahitaji chanzo, kitabu, mbunifu anayejulikana. Nikamwambia chanzo ni mwalimu wangu. "Alisomea wapi?" Nikasema mashuani. Darasa lilicheka tena. "Mchora mabango si chanzo," akasema, na akanionya kwamba jina lako likibaki kwenye ukurasa wa kwanza nitapoteza alama. Nikaliandika kubwa zaidi.

Nilirudi Mbita na karatasi nyembamba za kunakilia, nikazibandika kwenye mbavu za mashua na kuzifuata herufi zako kwa penseli. Wavuvi walinila kwa maneno. "We nyako, we msichana, unaipima ili uinunue?" Mwingine akajibu, "Msimwambie mwenyewe ni nani, huyu ni wa ushuru." Mmoja alipojua natafuta nini aliacha kucheka, akanivutia mashua yake nje ya maji ili nifikie chini. R yako niliipata hapo, ile inayotoa mguu mbele kama mtu anayeshuka nchi kavu. K, W, Y, D, G yako kama ndoana, zote nilizipata.

Ila Z. Nilizunguka wiki mbili nikitafuta Z moja. Hakuna mashua yenye Z. Nikaenda kwenye misalaba, nikaambiwa kuna Elizabeth mmoja kisiwani Takawiri, nikavuka, nikakuta mchwa wamenitangulia. Hapo nilikaa chini na kukukasirikia wewe. Miaka yote ile umeandika majina ya watu, ya mashua, ya makanisa, ya maduka, na hukuweka lako hata kwenye kona. Ulikuwa unasema, "Mwenye mashua ni yeye, mimi nimepita tu." Unyenyekevu gani huo? Umetuachia nini? Herufi ya kwanza ya jina lako mwenyewe haipo popote ufukweni.

Nikaichora mimi. Nilichukua mkazo wa N yako na mwisho wa K, nikachora, nikafuta, nikachora, nikaigeuza, nikafuta. Siku tisa kwa Z moja. Siku ya kutetea kazi, walimu watatu mezani, nilibandika jina lako ukutani, nikawaambia herufi moja hapa si yake, ni yangu, kwa sababu yake haikupatikana. Madam aliinuka. Akaisogelea karatasi mpaka pua ikaigusa, akasema, "Ni hii K."

Japuonj, nilitaka kulia na kupiga kelele pamoja. K ni ya mashua ya pale Mbita, mkono wako halisi, na Z yangu aliipita akidhani ni yako.

Nilifaulu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Kazi yangu wakaitia fremu na kuitundika ukumbini, na ile fremu ikafunika mstari wa chini, ule wenye jina lako na maneno "ndiye aliyezichora". Tulipokwenda kuchukua matokeo niliishusha mbele ya watu. Tobias, tuliyekuwa tumechumbiana naye tu wakati huo, aliifungua kwa bisibisi yake na kukata kadibodi kidogo, mstari ukaonekana, tukairudisha ukutani. Hapo ndipo nilipojua kwamba nitaolewa na mtu huyu hata dunia ipasuke.

Sasa nifike Jumapili.

Tobias ameuchomelea msalaba mpya, wa chuma, mikono yake imesawazishwa hivi kwamba ungeupitishia kidole ukatabasamu. Tulikuja kumwomba Mzee Elisha ruhusa ya kuusimamisha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Tulimkuta uani akianua muhogo uliokauka. Hata sikungoja kupewa kiti. Nikamwambia msalaba ule ni aibu, kwamba stika zimeanza kuinuka kwenye kona, kwamba mtu aliyewaandikia wote hakustahili kubanwa vile, na kwamba sijui alifikiria nini. Tobias alinivuta mkono. Mzee aliendelea kuanua muhogo mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza, nyathina, mwanangu?"

Nikasema nimemaliza.

"Nilienda kwa yule fundi wa Mbita. Alikuwa ameshachovya brashi. Nilipomtajia jina akaiweka chini. Akasema, siwezi, Mzee, huyo atanikosoa hata akiwa humo ndani. Wa Ndhiwa akasema mkono utamtetemeka. Wa tatu alinikubalia, halafu akazima simu." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe nilikupigia mara nne."

Ni kweli. Mara nne, nambari nisiyoijua. Nilikuwa nimezima sauti ya simu kwa sababu ya mitihani. Nilipoziona nilidhani ni watu wa kunijulisha siku ya mazishi, na siku hiyo nilikuwa nimeshaijua kwa mama, kwa hiyo sikupiga.

"Ndugu yangu hangezikwa bila jina," akasema. "Nikaenda kwa wa stika. Wale hawakumjua, ndiyo sababu hawakuogopa."

Hasira yangu ya mwaka mzima ilibaki imesimama pale uani haina pa kukaa. Tobias alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamwomba Mzee radhi, na radhi yenyewe ilitoka vibaya, kwa sauti kubwa, kama vile bado namgombeza. Akasema tu, "Kaa chini, kunywa maji."

Nimerudi Migori na bado nina hasira, lakini sasa imebadilisha anwani. Mbona hukuniambia unaumwa? Likizo ya mwisho nilikupigia, ukaniambia, "Soma, usije hapa mpaka umalize," na mimi mjinga nikatii. Ungesema neno moja ningekuja. Ningekaa nawe, ungeniandikia hiyo Z hata kwa kidole kwenye mchanga. Na mimi je, mtu anayeona nafasi ya unywele kati ya A na W, nilishindwaje kuona simu nne?

Mzee ametupa ruhusa. Ameweka masharti mawili. La kwanza, msalaba wa stika tusiutupe, utaegemezwa ndani ya ghala lake, kwa sababu, alivyosema, "huo ulisimama wengine walipokimbia." La pili, nitaandika pale pale uani, na yeye atakuwa ameketi akinitazama.

Kwa hiyo msalaba uko kwenye kibanda cha Tobias, umepakwa nyeupe, mtupu. Ulianza kukaa nyumbani kwetu, mama mkwe akaja, akauona, akauliza ni bibi harusi gani analala na msalaba wa kaburi sebuleni. Sasa wateja wa mageti wanampa Tobias pole na yeye amechoka kueleza.

Ningeweza kuzikata herufi kwa mashine. Ninazo zote kwenye kompyuta, zimenyooka, nafasi nimezipima mwenyewe. Saa moja tu na hakuna atakayejua. Nimeketi mara tatu na brashi mbele ya ubao wa mazoezi na mara tatu mkono umetetemeka, mimi, wa kwanza darasani. Sasa namwelewa yule wa Mbita. Nilimtukana moyoni bure.

Lakini mashine haikukujua, Japuonj, na jina lako limeshaandikwa mara moja na wasiokujua. Safari hii liandikwe na anayekuogopa.

Mwambie mama mzazi wako huko uliko kwamba mtoto wake ana mwanafunzi. Mimi Lilian wako nakusalimu, Tobias anakusalimu, anasema anatamani ungemkosoa yeye pia. Oriti, kwaheri, Japuonj. Tutakuja kabla ya mwezi huu kuisha, siku isiyo na mvua, na nitaliandika jina lako lote, mkono utetemeke usitetemeke.